Mvua Iliyonyesha Shambani Kwako Peke Yake

Mama,

Shikamoo.

Leo ni Jumapili. Watu wametoka kanisani, nawasikia wakipita njiani. Mimi sikwenda. Nimekaa nje upande wenye kivuli, karatasi iko juu ya goti, na yule kuku wako mweupe, ambaye sasa amezeeka na hatagi tena, anachakura karibu na miguu yangu. Nakuandikia kwa Kiswahili maana Kigogo nakisema tu, kukiandika sikufundishwa. Nakumbuka nilivyokuwa nikikusomea barua za Baba alipokuwa kwenye mashamba ya mkonge, nawe unanishika mkono: "Polepole, Perisi. Kiswahili chako kinakimbia." Leo nitakwenda polepole.

Nataka nikueleze wiki ile. Sehemu yake unaijua kuliko mimi. Lakini yako mambo yaliyotokea ukiwa umeshaondoka, na sidhani kama kuna mtu amekwambia. Halafu lipo jambo la jana. Hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani. Shirika letu lilikuwa limeuzwa, tajiri mpya akaja na watu wake na mashine zake, sisi wapiga chapa tukaambiwa asante. Nilikaa kidogo pale Mkonze kwenye chumba cha kupanga, nikaona nitamalizia kiinua mgongo kwenye kodi. Nikanunua mabati, nikayapakia kwenye lori la mfanyabiashara aliyekuwa anakuja huku kununua karanga, nikayaleta kwako. Uliyagonga kwa kidole moja baada ya jingine, ukacheka peke yako. Upande mmoja wa tembe ulikuwa umeanguka masika yaliyotangulia, udongo wa paa ukamwagika juu ya kitanda chako, na wewe tangu hapo ulikuwa unalala jikoni. Ulisema, "Nikifa, nife chini ya bati."

Matofali ulikuwa umeshayafyatua kiangazi kizima, kwa mikono yako, kwa udongo wa kichuguu. Yalikuwa yamepangwa nyuma ya nyumba, yamefunikwa majani, mabichi bado, yakisubiri kuni za kuyachoma. Kila aliyepita njia ile ya korongoni aliyaona. Sikujua kwamba kuna watu walikuwa wakiyaona kwa jicho jingine.

Mwaka ule mvua ya kupandia ilikuja mapema na kwa fujo. Watu wakapanda. Uwele ukachipua vizuri, watu wakaanza kusalimiana kwa sauti ya juu. Kisha mvua ikakata. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, jua likawa linachomoza na kuzama bila wingu hata la kudanganya. Uwele uliofika magotini ukajikunja majani. Watoto wakaanza kutumwa maporini kutafuta mlenda, wakirudi na majani makavu.

Kisha ikaja wiki ile.

Jumatatu mchana mawingu yalipanda kutoka mashariki. Mazito, meusi kwa chini. Upepo ukageuka ukawa wa baridi na ukaleta ile harufu. Unaikumbuka. Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kuifuata kwa pua, ukinisimamisha uwanjani, "Inatoka wapi, nionyeshe kwa mkono," na nikionyesha vizuri unanivua gauni ili mvua ya kwanza inioshe. Jumatatu ile kila mwanamke alitoa nje alichokuwa nacho: ndoo, sufuria, madumu yaliyokatwa. Matone yakaanza, makubwa, mbalimbali, kila moja likichimba kishimo vumbini. Nilisimama nimeinua uso. Nadhani nilipata matone usoni yasiyojaza kijiko. Halafu upepo mwingine ukatoka upande wa pili, ukayasukuma mawingu kama mtu anayefukuza mbuzi wa jirani, na jua likarudi. Ndoo zikabaki nje na vumbi ndani. Nilimsikia mtoto wa nyumba ya pili akiuliza mvua imekwenda wapi, na mama yake akampiga kofi.

Jumanne ndiyo iliyotuua, Mama.

Hatukuwa tumetegemea kitu. Tulikwenda kule shambani mbugani, karibu na korongo, kuona kama kuna cha kuokoa. Wingu lilikuwa dogo. Lilisimama juu yetu kama limefika lilikokuwa linakwenda, likafunguka. Tulikimbilia chini ya mgunga tukiwa tumelowa chapachapa, wewe unacheka na kanga imeganda mwilini. Haikuchukua muda mrefu. Ilipokwisha tukatoka, tukatembea hadi mpakani, kwenye ile mistari ya mkonge inayotenga shamba letu na la Mama Luka. Upande wetu udongo ulikuwa mweusi, unakunywa, maji yamesimama kwenye mashina. Upande wake vumbi. Vumbi kavu, Mama, na uwele umekunjika. Uliweka mguu mmoja huku na mmoja kule ukatazama chini muda mrefu. Hukucheka tena.

Shuleni nilifundishwa habari hizi: joto linapanda kutoka kwenye uwanda, wingu linajijenga lenyewe mahali padogo, linaangusha maji yake pale pale lilipochoka. Nilikueleza. Ulinisikiliza, ukasema, "Mvua haina macho. Inaangukia ilipofika." Kisha ukasema, "Tusimwambie mtu."

Lakini kitu kama kile unakifichaje? Jioni ile Mama Luka alipita shambani kwake akaona mpaka. Ulikuwa rafiki yake tangu mlipoletwa wote wawili hapa mkiwa wari, mwaka mmoja. Mlizaa pamoja, mlizika waume pamoja. Alisimama pale kwenye mkonge, alipotuona hakusalimia. Aligeuka akarudi kijijini.

Jumatano Mzee Madeje aligonga kile kipande cha reli. Ukisikia reli ikigongwa siku isiyo ya mkutano unajua kuna jambo, na wewe ulijua ni jambo gani, maana ulivaa kanga yako ya kwenda kanisani. Tukaenda kwenye ghala la ushirika. Tangu wafanyabiashara waanze kuja na malori yao kununua mazao majumbani, ghala lile halina kitu ila popo, na Madeje, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alikuwa amelifanya baraza lake. Watu walikuwa wamejaa. Tulipoingia walitupisha njia, wakatupa nafasi kubwa kuliko tuliyohitaji.

Sitakuandikia yote yaliyosemwa. Ulikuwepo. Ila nataka ujue kwamba nayakumbuka, na kila sura naikumbuka, alikaa wapi na alisema nini.

Namkumbuka Mama Luka alivyosimama. Hakupayuka. Laiti angepayuka. Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mtoto kwa mganga. "Mimi na Mama Perisi tumetoka mbali, wote mnajua. Lakini wajukuu wangu wanakula mlenda mtupu. Matofali yake yako mabichi. Nani mwenye tofali bichi anayeiomba mvua? Anaifunga isimharibie. Na jana ameifungulia shambani kwake peke yake. Mwenye macho akaangalie mpaka."

Nikasimama. Nikaanza na yale ya shuleni, joto, uwanda, wingu dogo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mpiga chapa, rudi mjini ukapige chapa mvua," na ghala zima likacheka. Walicheka kwa furaha kabisa. Watu wenye njaa, hawajacheka tangu Krismasi, na kicheko chao cha kwanza kikawa kile. Nilipoendelea kusema vijana wawili walinishika mabega wakanikalisha.

Wewe uliulizwa useme. Uliinuka ukaweka kanga sawa. "Kama ningekuwa na uwezo huo," ulisema, "tembe langu lisingeanguka." Ni wachache walioelewa, na walioelewa walitazama pembeni. Mzee Madeje akakata shauri: kesho uchote maji ya korongoni kwa mikono yako mwenyewe, matofali yamwagiwe mpaka yarudi kuwa udongo. Ukamwuliza, "Nikiyamwagia na mvua isinyeshe, mtasema nini?"

Akajibu, "Mwagia kwanza."

Nilikuomba tuondoke. Nilikwambia tuna jamaa Nzuguni, twende kabla hakujapambazuka. Ulikataa. Ulisema ukikimbia utakuwa umewapa walichokuwa wanakitafuta, na kwamba matofali ni udongo tu, utayafyatua tena kiangazi kijacho. Uliyasema hayo huku unachambua mboga. Nilikuchukia kidogo kwa utulivu ule. Nilitaka ulie ili nami nilie.

Alhamisi. Nitaiandika haraka, Mama, nisamehe kama Kiswahili changu kitakimbia.

Tulikwenda asubuhi. Korongo lilikuwa kavu kama lilivyo siku zote, mchanga mweupe ukingo kwa ukingo, na yale mashimo ambamo sote tulikuwa tunachota maji. Shimo lako lilikuwa limefika kimo cha mtu. Ulikuwa unashuka ndani, unakinga maji kwa kata kidogo kidogo, unajaza dumu, unaniinulia, mimi nalipeleka. Maji yale yale ambayo watu walikuwa wanayapanga foleni kwa ajili ya kunywa, tulikuwa tunayabeba kwenda kuharibu matofali. Na watu walikaa ukingoni kutazama, baadhi wamekuja na watoto. Hakuna aliyeona kwamba lile lilikuwa jambo la kichaa. Walipiga soga. Mama Luka alikuwepo, amekaa peke yake kando, kanga imemfunika hadi kinywani.

Matofali hayakufa upesi. Ulikuwa umeyafyatua vizuri. Nilipokuwa nayamwagia yalikunywa kwanza, yakawa meusi, halafu pembe zikaanza kulainika, safu ya juu ikalala juu ya ile ya chini. Nilirudi korongoni nikakwambia safu za mwanzo zimekwisha. Uliitikia tu, "Haya."

Mchana anga juu yetu ilikuwa ya buluu tupu. Lakini mbali, upande wa milima, palikuwa na weusi uliokaza, na ndani yake radi zikiwaka bila sauti. Ulitoka shimoni kupumzika ukauona. Ukasema, "Kule wanapata." Ulisema kwa furaha, Mama. Ulikuwa umelowa matope hadi mapajani, watu wanakukodolea macho kama mwizi, na bado ulifurahi kwamba watu usiowajua wanapata mvua. Ndiyo maneno yako ya mwisho ninayoyajua. Ukashuka tena.

Ukaniinulia dumu. Nikapanda nalo ukingoni. Nilisikia mngurumo nikadhani ni lori la wanunuzi wa karanga, hata nikatazama barabarani. Halafu ng'ombe waliokuwa ng'ambo wakakimbia wote kwa pamoja. Nikageuka.

Maji hayakuja kama maji. Ulikuja ukuta wa takataka, magogo, povu la rangi ya kahawia, na nyuma yake maji. Nilikuita. Watu wote waliita. Ulitokeza kichwa na mabega shimoni, na badala ya kutazama juu ya korongo ulinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuita. Uliinua mkono nikuvute. Nilikuwa nimeshaanza kuteremka. Mtu alinikamata kanga, nikaiacha mkononi mwake, mwingine akanikamata kiuno. Mama Luka aliwapita wote. Aliingia hadi kifuani, bibi mzima, anaita jina lako la usichana, "Sechelela, Sechelela," mpaka mwanawe Luka akamfikia akamtoa kwa nguvu, akimburuta kwa nywele.

Jua lilikuwa linawaka. Watu wa mjini hawanielewi nikiwaeleza. Wananiuliza, mvua ilikuwa kubwa? Nawaambia haikuwapo mvua. Hapakuwa na tone. Mama yangu alikufa maji kwenye jua kali, katikati ya ukame, kwa mvua iliyonyesha kwa watu wengine.

Kuanzia hapa hujui, kwa hiyo nitapunguza mwendo.

Ijumaa asubuhi wachungaji walikukuta mbali, chini kule korongo linapopanuka, umeshikwa na mizizi ya mti. Sitakueleza ulivyokuwa. Nilikufunga kanga yangu. Wakakata miti, wakaleta kitanda cha kamba, tukakubeba. Mbebaji mmoja alikuwa Luka.

Tulipofika kwenye mashamba ya kwanza, mvua ikaanza.

Haikuwa manyunyu. Ilikuwa ile uliyokuwa ukiiita mvua ya kukaa, isiyo na upepo wala radi, inayoshuka wima na kutulia kama mgeni aliyekuja na mzigo wake wote. Ilinyesha kila shamba. Shamba la Madeje, la Mama Luka, la yule aliyeniambia nikapige chapa mvua. Watu wakatoka. Mama, walitoka wanacheza. Tulikuwa tunapita katikati ya mashamba tumekubeba, maji yanajaa kwenye kitanda na kutiririka kwenye shingo zetu, na kutoka kila nyumba vigelegele vilikuwa vinapigwa. Wengine walituona wakanyamaza tulipopita. Nyuma yetu wakaanza tena.

Jumamosi tulikuzika. Kaburi lilijaa maji, wachimbaji wakawa wanayachota kwa ndoo, wanachota na linajaa, mwisho mwinjilisti akasema basi. Tulikulaza majini. Walikuja watu wachache sana, na najua kwa nini, maana hata mimi ni mtoto wa mkulima. Udongo umelowa, mbegu haisubiri. Kutoka pale makaburini niliwaona mashambani, migongo imeinama, wanapanda upya. Mwinjilisti alisoma kwa kifupi kwa sababu kitabu kilikuwa kinalowa. Katika sala ile ile aliyokuombea pumziko alimshukuru Mungu kwa mvua. Nikaitikia amina, kwa kuwa sikupata upenyo wa kutenganisha.

Mzee Madeje alikuja mwishoni, na jembe begani. Alisimama akatazama juu, mvua inampiga usoni, akasema, hata hakupunguza sauti, "Si mnaona?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Kwao jambo lilikuwa limethibitika. Aliyeifunga ameondoka, nayo imefunguka. Hakuna kitu nitakachosema katika maisha yangu kitakachoshinda mvua ile.

Alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya kata baada ya barabara kukauka. Aliuliza maswali kwa Madeje, akanywa chai, akasema ni ajali ya maji, pole sana dada. Akaondoka na baiskeli yake.

Mwaka ule tulivuna kuliko miaka yote ninayoikumbuka. Uwele ulimpita mtu kimo. Malori yalikuja yakapanga mstari. Watu walinunua redio, baiskeli, magodoro. Shamba lako lilizaa pia, nililivuna mwenyewe, nikapika ugali wake nikaula. Sikujua nifanye nini kingine. Kila tonge nilikuwa naona limenyweshwa na maji yale. Nilikula nikashiba, na kushiba kulinikasirisha. Pale yalipokuwa matofali pamebaki kilima cha udongo na nyasi zimeota juu, mbuzi wanapanda. Madeje alinijia akitaka kununua mabati. Nilimwambia afadhali niyatupe korongoni. Nikamwita fundi, tukayapigilia juu ya tembe hivyo hivyo, kwenye miti mibovu. Yanavuma upepo ukija. Hayavuji.

Wengi walidhani nitarudi mjini. Hata wewe pengine ungeniambia niende. Nilibaki kwa sababu walitaka niondoke. Nilipokuwa nikipita kwenye mashimo ya maji walikuwa wakinisalimia vizuri, kwa uchangamfu kupita kiasi, nami naitikia, na wakishanipita nilikuwa nahisi wanashusha pumzi. Nilipenda kuhisi hivyo. Huo ndio ukawa moyo wangu, Mama. Sikulelewa hivyo, lakini ndivyo ulivyokuwa.

Sasa nifike kwenye la jana.

Mwaka huu mvua imefanya tena ukorofi wake. Imekuja, ikakata. Wiki hii nzima imekuwa ya kubadilika: Jumatatu ukungu wa baridi asubuhi, watu wakatoa makoti, keshoye joto la kupasua mdomo, katikati ya wiki ikanyesha mvua ya mawe ya muda mfupi ikaang'oa miche iliyokuwa imebaki, na toka hapo jua. Ukiangalia uso wa mtu unaona anafikiri nini. Wanatafuta.

Wamempata Mama Luka.

Tangu wewe uondoke hayuko sawa. Anaamka alfajiri anakwenda korongoni peke yake, anakaa kwenye mchanga pale lilipokuwa shimo lako, anasema na kitu kisichoonekana. Nimemwona mara nyingi, maana nami hupita. Hatukuwahi kusalimiana. Alikuwa akiniona anafunika uso, nami napita kana kwamba ni kisiki. Sasa watu wamesema: mbona mvua imekata, naye kila siku yuko kule? Anapeleka nini? Anaongea na nani?

Jana reli ikagongwa. Ghala lile lile, popo wale wale. Luka yuko machimboni Mererani, hakuna wa kusimama naye. Walimkalisha katikati, na Mzee Madeje akanigeukia mimi. Alisema kwa heshima kubwa, hajawahi kuniheshimu hivyo. "Binti yetu, wewe ndiye uliyefiwa. Na wewe unapita kule. Tuambie umemwona akifanya nini."

Mama, nikueleze kweli. Nilipata utamu. Nilimwangalia pale chini, amekonda, kanga imempwaya, na nikafahamu kwamba mdomo wangu unatosha. Ningesema tu kwamba nimemwona anazika kitu mchangani. Hata wasingeuliza kitu gani. Naye alijua. Aliinua macho akanitazama, hakuniomba. Nadhani alikuwa amenisubiri siku nyingi niseme.

Nikasimama. Nikasema, "Nimemwona. Analia."

"Analia nini?" Madeje akauliza.

"Anamlilia Mama yangu."

Mtu mmoja akasema, mbona alie korongoni, nyumbani hakuna pa kulilia? Nikasema, "Mama yangu aliingia mle kwa amri iliyotoka ndani ya ghala hili. Mnaotaka kujua analia nini, ulizaneni nyinyi kwa nyinyi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wala hakuna aliyesema samahani, usidhani. Mwanamke mmoja alitoka nje na mtoto mgongoni. Madeje akakohoa, akasema ngoja tuone wiki ijayo itakuwaje, kama hali ni hii hii tutakutana tena. Hawajaacha, Mama. Wameahirisha. Mvua isiponyesha watarudi, na ikinyesha watasema ni kwa sababu walimtisha. Nimeshajua hesabu yao, haina mahali pa kukosea.

Walipotawanyika alibaki amekaa. Nilifika hadi mlangoni nikarudi. Nikamwambia, "Inuka, Mama Luka." Alijaribu akashindwa. Nikamshika chini ya makwapa, mwepesi kama mzigo wa majani makavu, nikamleta hapa. Yuko ndani sasa hivi, kwenye kitanda chako, chini ya bati. Nilipompa uji alinishika mkono akataka kusema, nikamwambia, "Kunywa." Sikutaka kumsikia. Sauti yake bado ni ile ya Jumatano.

Ndiyo niliyotaka ujue. Nimemweka ndani ya nyumba yako mtu aliyekutoa kwenye nyumba yako, na sijui kama umefurahi au umenigeuzia mgongo. Mimi mwenyewe sijui kama ni wema. Nikimwona amelala nakumbuka kwamba aliingia majini hadi kifuani. Kisha nakumbuka alivyosimama ghalani na ule upole wake. Yote mawili ni yeye.

Nitakuahidi lililo ndani ya uwezo wangu. Reli ikigongwa tena nitakaa mlangoni, na atakayemtaka itabidi anipite mimi kwanza. Hatashuka korongoni kwa amri ya mtu yeyote nikiwa hai. Nitampikia, nitamwogesha, siku yake ikifika nitamzika pakavu.

Pumzika, Mama. Nimefika mwisho wa karatasi. Huyu nitakulindia, kumsamehe nakuachia wewe.

Mwanao,
Perisi